Ukelele wa Macon

Richmond, Virginia
14 Machi 1966

Dada Ozella,

Kabla hujaanza kunisema, wacha nijiseme mwenyewe. Ndiyo, nilipita Macon. Ndiyo, kutoka Macon mpaka hapo Sorrel Creek mtu hata usingizi haumpati njiani. Na hapana, sikufika. Basi la bendi liliondoka alfajiri, na hiyo ndiyo sababu ninayowapa watu. Wewe nakupa ile nyingine: sikutaka kusimama kwenye ngazi za nyuma nikingoja Mama aamue kama nafunguliwa mlango au sifunguliwi. Unayakumbuka maneno aliyonipa siku niliyoondoka na ngoma zangu mgongoni. "Umechukua vitu vya Mungu unakwenda kumuuzia shetani. Usije kula kwangu mpaka uvirudishe." Mimi nayakumbuka kila ninapopanda jukwaani, na mpaka leo sijui vinarudishwaje.

Haya, tuyaache. Nikupe habari njema, maana nisipokupa wewe nitampa nani? Dada, nimekipata! Kile kitu nilichokuwa nakisikia kichwani miaka yote nikashindwa kuwaeleza vijana, nimekipata Macon. Niliwaambia: leo hakuna wimbo, leo kila mtu ni ngoma. Mwenye gitaa, wewe ni ngoma. Tarumbeta, ninyi ni ngoma, pigeni mara moja kisha mnyamaze. Yule wa besi alinitazama kama nimemtukania mama. Nikamwambia, piga kama miguu ya Shemasi Crutcher siku ya ushirika, halafu nikamwonyesha kwa miguu yangu. Tulipoanza, ukumbi wote ulisimama, hata waliokuja kwa ajili ya kuchumbiana wakaachana mikono. Na kwa bahati kampuni ya santuri ilikuwa imeleta mashine zake usiku huo, kwa hiyo kila kitu kimenaswa kwenye mkanda.

Kulikuwa na kichekesho kimoja. Katikati ya lile pigo, mama mmoja mtu mzima mwenye kofia kubwa ya buluu, upande wa mbele, alipiga ukelele ukapita juu ya tarumbeta zote. Akaruka mpaka kwenye njia kati ya viti, kofia huko, mkoba huko. Taa zilikuwa zinanipiga machoni, sikumwona vizuri. Mlevi, lakini ana miguu! Nikawakatia vijana muziki kwa ngumi, kukawa kimya, yeye bado anaruka peke yake. Nikasema kwenye kipaza sauti, "Jamani, mpeni bibi maji, leo kakosea chupa!" Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Nikawarudisha vijana kwenye pigo, na kuanzia hapo ukumbi ukawa wetu.

Mwambie Mama... hapana, usimwambie kitu. Bwana Tumpkin bado anakuletea samaki? Olewa basi, samaki wanaoza.

Mdogo wako,
Lem

*

Sorrel Creek, Georgia
27 Machi 1966

Lemuel,

Barua yako imefika. Samaki wa Bwana Tumpkin hawajaoza, shughulikia yako.

Mama ana mafua, haendi kanisani siku hizi. Dada Crutcher alikuja na bakuli la supu, kumbe amekuja kunusa. "Verdell Broadnax akose kanisa?" anasema. "Huyu aliyekuja na uchungu wa Lemuel tumboni, nusura amzalie kwenye benchi!" Mama alivuta blanketi mpaka kichwani, supu ikapoa.

Sasa, yule bibi wa Macon. Ulijuaje kama amelewa? Ulimnusa? Wewe si mtoto wa mjini, Lemuel. Ulikaa nyuma ya ngoma za kanisa letu la Mlima Pisga miguu yako haijafika sakafuni, na Mama kasimama nyuma yako na mkono wake begani kwako. Alikufundisha nini? Mtu akishukiwa na Roho, mpigaji haangalii ngoma zake, anaangalia miguu ya yule mtu. Anamfuata aendako. Hapumziki, hajikuni, hata mchungaji akiwa amekwisha kuketi, hata kuku wa chakula cha pamoja wakipoa. Anampunguzia taratibu mpaka atue mwenyewe. Mpigaji hakati. Kukata ni kumwacha mtu juu ukaondoa ngazi. Ulikata siku moja tu, eti nzi kakuuma, na mama wa watu akaanguka vibaya. Hukuweza kukaa wiki nzima kwa fimbo uliyopata.

Sisemi kwamba Roho anaingia kwenye kumbi za dansi, sijui mimi. Nakuuliza tu kama uliangalia miguu.

Na usiandike tena neno "mlevi" kwenye barua inayoingia nyumba hii.

Dada yako,
Ozella

*

Cincinnati, Ohio
8 Aprili 1966

Dada,

Barua gani hii, mbona imekuja na fimbo ndani? Nimekuletea kichekesho, wewe umeniletea mahubiri. Haya, nijitetee. Polisi walikuwa wamepangwa ukutani, wazungu watupu, virungu mkononi, wanangoja mtu mweusi mmoja tu atoke kwenye kiti chake waseme ni fujo. Yule mama aliporuka, niliwaona wawili wakiacha ukuta. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nilikata ili wasimfikie. Na utani nao ulikuwa wa kupoza, watu wacheke, polisi warudi ukutani. Walirudi. Kwa hiyo yule bibi ananidai shukrani.

Na huyo Roho Mtakatifu wako hana habari na Macon siku ya Jumamosi. Ana kazi kesho yake asubuhi.

Jana tulikaa studio kuusikiliza mkanda. Ule ukelele umenaswa wote, dada, toka mwanzo mpaka mwisho. Wakubwa wa kampuni wameupenda kuliko sauti yangu. Wanataka uachwe, na utani wangu uachwe, na kicheko cha watu kiachwe, vyote kama vilivyo. Wanasema hakuna kitu kama hiki kilichowahi kutolewa na bendi yoyote ya weusi wala weupe. Nimewaambia nafikiri kwanza.

Nikuulize kitu kidogo. Mama alikuwa nyumbani Jumamosi ile? Najua alikuwa nyumbani, angekuwa wapi. Nauliza tu. Mkanda unapelekwa kiwandani mwisho wa mwezi, ukishafika huko haurudi. Niandikie upesi. Ukiniambia alikuwa nyumbani, nitalala.

Lem

*

Sorrel Creek
15 Aprili 1966

Lemuel,

Mama alikuwa nyumbani. Aliweka miguu kwenye beseni la maji ya moto na chumvi, nami nilikuwa nabambua karanga. Tulilala mapema.

Lala na wewe.

Ozella

*

Chicago, Illinois
4 Septemba 1966

Dada Ozella,

Umenyamaza miezi, na mimi nimenyamaza, nadhani sote tuna shughuli. Bila shaka mmesikia. Santuri imetoka na haishikiki. Gazeti moja la New York limeniita baba wa muziki mpya, na mimi hata mtoto sina. Vijana wa Jembe, bendi yangu, wameshonewa suti za zambarau. Ungetuona ungecheka mpaka kesho.

Ila kuna jambo linanichosha. Kila tunapopiga, watu wanakuja na ule ukelele midomoni. Wanaungoja. Pigo likifika mahali pale, ukumbi mzima unaupiga pamoja nao, wanawake, wanaume, wasichana wa shule. Inabidi niwaachie nafasi, halafu inabidi nikate, halafu inabidi niseme yale maneno. Nisiposema wanayasema wenyewe: "Kakosea chupa!" Wanacheka kana kwamba hawajawahi kuyasikia. Wiki iliyopita, hapa hapa Chicago, nilikata, kukawa kimya, nikafungua mdomo na hakikutoka kitu. Nilisimama tu, nimeinua ngumi kama mjinga. Mpiga saksafoni ndiye aliyeniokoa.

Daktari anasema ni uchovu, nile nyama. Sina hamu ya nyama.

Sikutumii santuri. Si nzuri kama wanavyosema. Mkisikia mahali inapigwa, dada, piteni tu. Naomba hilo moja. Mama mzima? Mafua yamekwisha?

Lem

*

Sorrel Creek
2 Oktoba 1966

Lemuel,

Hukuituma santuri, imekuja yenyewe. Imo kwenye lile sanduku la muziki la kutumbukiza sarafu la mkahawa wa Tate, pale kona ya kiwanda cha pamba, na mlango wa Tate haufungwi mpaka baridi ianze. Juzi Mama na mimi tulikuwa tunatoka dukani, yeye kabeba unga, mimi mafuta. Tukasikia pigo. Mama akapunguza mwendo. Nikamwambia, "Mama, twende, unga utalowa," na mvua yenyewe hakuna. Ukatoka ule ukelele wake, Lemuel. Ukatoka mlangoni kwa Tate mpaka barabarani, na yeye mwenyewe amesimama pale kaukumbatia mfuko. Kisha wewe: "Mpeni bibi maji." Kisha kicheko. Watoto wa Simmons walikuwa wanacheza barabarani, wakauiga wote kwa pamoja, wanaujua kwa moyo. Mmoja akajitupa chini akarusha miguu, wenzake wakamcheka.

Dada Crutcher alikuwa nyuma yetu. Hakuna mtu wa Mlima Pisga asiyeijua sauti ya Verdell Broadnax akishukiwa: inapanda, inapanda tena, kisha inavunjika na kuwa karibu kicheko. Akasema, "Yesu wangu! Verdell, huyo si wewe?"

Mama akasema, "Ni mimi."

Hivyo tu. Angeweza kukana. Mimi ningekana.

Na nimekwisha kukana, kwa hiyo niseme langu. Nilikudanganya. Hakukuwa na beseni wala karanga. Mama ndiye aliyeniambia, "Ozella, nataka kumwona tu yule mtoto. Tutakaa nyuma kabisa, tutatoka kabla hajamaliza." Mimi ndiye niliyetafuta viti vya mbele. Nilitaka umwone. Nilifikiri mkikutana macho, yale maneno ya zamani yatakwisha yenyewe. Nikamvika kofia yangu ya buluu kwa kuwa ile yake nyeupe kila mtu anaijua. Ulipokata nilikuwa nimemshika kiuno namvuta akae, na alikuwa mzito, mzito ajabu. Njia nzima ya kurudi aliniapisha nisikwambie. Kwa hiyo uliponiuliza, nikaichukua miguu yake nikaitia kwenye beseni. Nimeishi na beseni lile miezi yote hii.

Jumapili iliyofuata usiku ule wa Macon Mama alilifua gauni lake jeupe la benchi la akina mama wazee wa kanisa, akalipiga pasi, akalipeleka kwa mchungaji. Akamwambia hastahili kulivaa. Mchungaji akamsihi angoje, waombe pamoja. Akasema hapana, asante, akarudi kwa miguu. Sasa Jumapili anakaa jikoni. Kengele inalia, yeye anamenya viazi. Mwanamke aliyekuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka! Hata kuimba wakati wa kufua ameacha. Naogopa, Lemuel. Sioni kitakachomrudisha.

Swali langu ni moja. Umekulia chini ya sauti ile. Ulipousikiliza mkanda Cincinnati, ulijua?

Nataka neno moja. Usiniletee polisi.

Ozella

*

Detroit, Michigan
10 Oktoba 1966

Ndiyo.

Nilijua kabla sauti haijapanda mara ya pili. Fundi aliusimamisha mkanda, akaurudisha, wakacheka, nami nikacheka nao. Kisha nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Yule wa besi akanifuata, "Vipi, mkubwa?" Nikamwambia tumbo. Kesho yake nikakuandikia wewe. Nilikuuliza kwa sababu nilijua utamficha Mama, na ukimficha Mama utakuwa umenipa mimi ruhusa. Uongo uliusema wewe, lakini niliuagiza mimi. Usiubebe, dada, si mzigo wako.

Ningesema neno moja tu ukelele ungeondolewa. Ilikuwa santuri yangu. Lakini nilisikia kilichokuwa mle. Bila yeye ni vijana wanaopiga vizuri. Yeye akiwemo, mwili unasisimka. Kila kitu ninachokijua cha muziki nilikipata nikiwa na mkono wake begani. Tangu niondoke nilikuwa namtaka Mama kwenye muziki wangu, na siku aliyokuja kwa miguu yake nikawafanya watu wamcheke. Halafu nikamfungia ndani ya santuri pamoja na kicheko, ili achekwe kila siku, mpaka na watoto wa Simmons. Najisikia vibaya mpaka sijui niuweke wapi mwili wangu.

Nimewaambia kampuni waiondoe sokoni. Walidhani natania. Nimewaambia vijana hatuupigi tena wimbo ule, na jana watu waliupiga wenyewe, bila sisi, wanagonga viti.

Nimwambie nini Mama? Nipe maneno, mimi sina. Mwambie naomba msamaha. Mwambie barua hii naiandika nimepiga magoti, na si uongo, kitanda cha hoteli ndiyo meza yangu.

Lem

*

Sorrel Creek
23 Oktoba 1966

Mwanangu Lemuel,

Ozella alianza kunisomea barua yako, akafika katikati akashindwa, nikaimalizia mwenyewe. Na hii naiandika mwenyewe, usije ukadhani ni maneno ya dada yako.

Mnajifikiria sana, wewe na yeye. Mmoja analia kwa kuwa alinikalisha mbele, mwingine analia kwa kuwa alinicheka, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwa nini nimerudisha gauni. Mimi nimechekwa tangu hujazaliwa. Mwanamke anayeruka kanisani mpaka kiatu kinatua mapajani kwa shemasi, unadhani hajachekwa? Kuchekwa hakumvui mtu gauni.

Sasa sikiliza, na usimwambie mtu ila Ozella, naye najua amesimama nyuma yangu anasoma. Tangu tulipomzika baba yenu, Roho hajanishukia pale Mlima Pisga. Hata mara moja. Nilikuwa nasimama pa kusimama, napiga ukelele pale ninapojua hupigwa, miguu nayo inaijua njia. Dada Crutcher ananipepea, mchungaji anasema Amina. Nikirudi nyumbani naona haya kulitazama lile gauni, maana watu nimewadanganya, Mungu je? Nikajua naadhibiwa. Sikujua kwa kosa gani.

Ndipo nikaenda Macon kwa kofia ya kuazima, nikakaa katikati ya watu wenye chupa makotini. Nilikwenda kuangalia kama umekonda. Umekonda. Na mle ndani, Lemuel, akaja. Si mazoea, Yeye. Nilishika kiti kwa mikono miwili. Nikasema moyoni, "Bwana, si hapa, jamani, si hapa," naye hakunisikiliza. Nilimwona baba yako. Nilikuwa na miguu ya msichana. Kisha ukakata.

Basi wewe ndiye mpigaji, nieleze. Kama alikuwa mle, yale maneno niliyokupa siku unaondoka yalikuwa uongo, tena niliusema kwa jina lake. Nilikufungia mlango nikidhani namfungia shetani. Sikujua ni nani mwingine nimemfungia nje. Nimemnyima mtoto wangu chakula changu miaka yote hii, na kila Jumapili nikavaa nyeupe. Hilo ndilo linaloniweka jikoni. Siwezi kulivaa gauni lile juu ya neno lile. Nisamehe, mwanangu. Nimekukosea kuliko ulivyonikosea.

Santuri yenu sina neno nayo. Na kukata nimekuelewa, nawajua wale polisi kuliko unavyowajua wewe. Lakini ule utani sijakusamehe. Si kwa ajili yangu. Angekuwa mama wa mtu mwingine usingekosa usingizi hata siku moja. Ungekuwa unausema mpaka leo huku umevaa hiyo suti ya zambarau. Hapo ndipo unaponiuma, Lemuel, kwa sababu kila aliyeruka ni mama wa mtu, nami sikukulea usijue hilo.

Unasema uliandika umepiga magoti. Nani alikuona? Barua haipigi magoti. Njoo.

Mama yako,
Verdell Broadnax

Usiniletee zawadi.

*

Sorrel Creek
22 Novemba 1966

Lem,

Umeondoka na uso kama wa mtu aliyefukuzwa, kwa hiyo nakuandikia upesi kabla hujaanza kujitungia mambo yako.

Najua kinachokusumbua. Ulimwomba Mama muende wote kanisani, umpigie ngoma, akakataa. Ukadhani hajakusamehe. Wewe ulikuwa umepiga magoti pale sakafuni, hukuuona uso wake, mimi niliuona. Alipokuuliza, "Unajutia nini?" nawe ukasema, "Kila kitu, Mama," alikunja midomo karibu acheke. "Kila kitu ni jibu la mvivu. Taja." Ulipotaja santuri akaendelea kukatakata kabichi. Ulipotaja uongo tulioufanya wewe na mimi, akaendelea. Lakini uliposema, "Yule bibi, Mama. Sikutaka kujua ni nani," kisu kilisimama. Hapo ndipo alipokusamehe. Alipokwambia, "Inuka, unanizibia jiko," maana yake ilikuwa hiyo, mpumbavu wewe. Mtu ambaye hajasamehewa hapewi mapaja yote mawili ya kuku.

Kanisani alikataa kwa sababu hakutaka ulipe kwa ngoma. Hayo ni maneno yake. Nami naongeza yangu: alikuwa na shughuli yake kule, na hakutaka uwepo.

Jumapili hii alikwenda, kavaa gauni lake la kahawia la kila siku. Ulipofika wakati wa ushuhuda akasimama, si kwenye benchi la akina mama, huku nyuma kwetu. Akawaambia yote. Kwamba alikuwa akiwapigia kelele tupu tangu amzike mumewe. Kwamba Roho alimshukia Macon, kwenye dansi, kwa ngoma ya mtoto aliyemfukuza yeye mwenyewe, na kwamba wanayemsikia kwa Tate ndiye yeye, wakitaka wacheke. Dada Crutcher akaangusha kipepeo alichokuwa anajipepea. Halafu mzee Simmons, yule ambaye huwa anasinzia wakati wa ibada, akasema, "Basi mimi sijui tena nilale wapi," na watu wakaangua kicheko, Mama naye akacheka. Mchungaji akamletea gauni lake. Akalipokea, lakini hajalivaa. Amelitundika nyuma ya mlango. Wengine hawakumsalimu wakati wa kutoka, na mke wa shemasi mkuu alizunguka upande wa pili wa uzio. Usidhani yamekwisha.

Mimi hajanisema bado juu ya uongo wangu. Jana aliniachia ngozi ya kuku, ile ninayoipenda, nikajua hukumu iko njiani.

Leo tulikuwa tunakunja shuka, yeye ncha hii, mimi ncha ile. Akauliza, "Lemuel anapiga Macon lini tena?" Nikamwambia nilivyosikia, baada ya Pasaka.

"Tafuta viti vya mbele."

Nikasema, "Mama, na Roho akikushukia tena? Mbele ya watu wote wale, na polisi ukutani, na watu wanangoja kucheka?"

Akavuta shuka mpaka ikanyooka.

"Kushuka ni kazi yake," akasema. "Kuruka ni kazi yangu. Mwambie mtoto na yeye afanye ya kwake, mpaka nitue."

Nami nimekwambia.

Dada yako,
Ozella